Ng'ombe wa Gibson na Betri Isiyotoka

Gibson Maritim hakuwa bubu, ingawa mgeni angeweza kukaa naye tangu chai ya asubuhi mpaka ya jioni na akaondoka akiamini hivyo. Sauti alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba ilikuwa sauti ya kukwaruza, kama koleo linalokwangua saruji. Alipokuwa darasa la tatu alisimamishwa asome ubaoni, akasoma mstari mmoja, darasa zima likavunjika mbavu, na mwalimu naye akageukia dirisha ili asionekane akicheka. Tangu siku hiyo aliweka maneno yake akiba, na sasa, mzee mwenye mvi na wajukuu, bado alikuwa nayo karibu yote.

Hakupata hasara kubwa kwa sababu alikuwa na kaka. Johana alizaliwa na mdomo wa watu wawili, akautumia kwa niaba ya wote wawili. Kwenye kituo cha kuuzia majani chai, karani akikosea kilo za Gibson, aliyeteta ni Johana. Kanisani, Gibson akitakiwa kutoa ushuhuda, Johana alisimama akautoa, na mara nyingi ukawa mzuri kuliko mambo yenyewe yalivyotokea. Hata Rodah, mke wa Gibson, aliposwa kwa mdomo wa Johana. Rodah hupenda kusema kwamba siku hiyo alikaa mpaka jioni bila kujua ni yupi kati ya wale ndugu wawili aliyekuwa akitafuta mke.

Mwaka juzi Johana aliugua kidogo, akafa. Kifo chake kilitangazwa redioni asubuhi, katika matangazo ya vifo ya lugha ya Kipsigis, ambayo kila boma katika milima ile ya Kapkatet huyasikiliza kwa kunyamaza jii. Gibson aliyasikia akiwa ameshika chuchu za ng'ombe. Aliendelea kukama mpaka mwisho, kwa kuwa ng'ombe haachwi katikati, kisha akaingia ndani ya michai yake akalia hadi shati likalowa.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Chepseon, kwa sababu alinunuliwa Chepseon. Katika boma hilo ng'ombe hupewa jina la mahali alikotoka, na habari inaishia hapo. Alikuwa mwekundu mwenye mabaka meupe, mwingi wa maziwa, na mgumu wa tabia kuliko mama mkwe yeyote. Alikuja akiwa mtamba. Siku alipokamwa mara ya kwanza maishani mwake, redio ya Gibson ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa kibanda cha kukamia, na mtangazaji alikuwa akisoma majina ya marehemu, wajane waliowaacha na shamba la kuzikia. Chepseon akayazoea. Redio ikipiga muziki, aliinua mkia kwa dharau. Matangazo ya vifo yakianza, alihema, akalegeza miguu ya nyuma, na maziwa yakashuka yenyewe. Na kwa kuwa matangazo hayo hurudiwa jioni, alikamwa mara mbili kwa siku bila taabu. Rodah aliona haya kidogo. Nyumba ya watu waliookoka, halafu ng'ombe wao anafurahia misiba ya wenzao.

Sasa tuizungumze redio, maana ndiyo iliyoleta kasheshe.

Ile ya zamani ilikuwa kubwa, na nyuma ilikuwa na kamlango ka kutilia mawe, yaani betri zile za kawaida. Mawe yakichoka uliyatoa, ukayaanika juu ya mabati, jua likayapiga mchana kutwa, na yakapata nguvu ya kusikiliza siku mbili tatu tena. Hakuna mtu wa rika la Gibson ambaye hajaanika mawe ya redio. Halafu Winny, kitinda mimba wao anayefanya kazi ya maabara Nakuru, akamletea baba yake redio mpya ya kuenea kiganjani, yenye tochi na mahali pa kuchomeka chaja ya simu. Gibson aliigeuza huku na huku akitafuta mlango. Winny akamweleza kwamba haina mlango, betri imefungiwa ndani kiwandani, haitoki.

Mimi sijui ni nani aliyewaambia wenye viwanda kwamba mtu akinunua kitu hataki kukifungua. Wanakuuzia redio, wanakuuzia simu, wanakuuzia mashine ya kunyolea, halafu wanaifungia ndani betri, kitu cha kwanza kufa, na kuiziba kwa gundi kama kaburi. Lakini Gibson hakulalamika. Aliipenda kwa sababu imetoka kwa Winny. Katika mwezi wake wa kwanza ilimponyoka ikatumbukia ndani ya ndoo ya maziwa. Ikakaushwa, ikapona, ila kuanzia hapo sauti yake ikawa na mkwaruzo, kila mtangazaji akisikika kama mtu mwenye mafua. Chepseon akauzoea mkwaruzo huo, na Gibson naye hakujali.

Mwaka huu Winny akawaletea habari. Kulikuwa na kijana wa Ndanai, anaitwa Kiptum, mwalimu, na watu wake walitaka kuja nyumbani kufanya koito, yaani kuomba mchumba rasmi. Tarehe ikawekwa, Jumamosi ya likizo ya Agosti. Rodah alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka kituo cha majani chai. Kisha akakaa chini akaanza kuwaza, kwa sababu koito inataka vitu viwili ambavyo havikopeki.

Cha kwanza ni mursik. Maziwa ya mursik huhifadhiwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, na wageni wakifika, kabla hata ya kuulizwa wametoka wapi, wanapewa wanywe. Mama anayenunua mursik ya koito ya binti yake mwenyewe sokoni atasemwa mpaka azeeke. Boma la Gibson lilikuwa na ng'ombe wawili, lakini mmoja alikuwa na mimba kubwa, amekauka. Aliyebaki ni Chepseon.

Cha pili ni mdomo. Wageni huulizwa wamekuja kutafuta nini, nao hueleza kwa kuzungukazunguka, na mtu wa nyumbani lazima asimame awajibu. Hiyo ilikuwa kazi ya Johana. Gibson hakusita, akamwendea binamu yake Philemon, chifu mstaafu, mtu anayependa kusikika hata pale ambapo hajaulizwa, na Philemon akakubali kabla ombi halijaisha. Gibson akamweleza Winny kwa simu kwamba mambo yamepangwa. Winny akasema ni sawa. Kisha akaongeza, "Lakini baba yangu ni wewe, si Philemon."

Maneno hayo Gibson alitembea nayo. Alichuma majani nayo, akakata nyasi za ng'ombe nayo. Hakuna kitu duniani alichokitaka kama kumpa Winny alichoomba, na hakuna kitu alichokiogopa zaidi.

Akiwa katika mawazo hayo, redio ikaanza kuzimika. Aliichaji usiku kucha, asubuhi ikasoma marehemu mmoja na nusu, ikakata. Chepseon akaacha kushusha pale pale, akageuza shingo akamtazama Gibson. Kesho yake ikakata kabla hata ya marehemu wa kwanza. Gibson akafanya kile ambacho marehemu baba yake angefanya, na Johana pia. Akachukua ngazi, akapanda juu ya paa la kibanda, akailaza redio juu ya mabati ikitazama jua, akaweka jiwe dogo pembeni isiteleze, akaenda zake shambani. Siku hiyo jua liliwaka kweli kweli. Jioni alipoishusha, mgongo wake ulikuwa umevimba kama andazi, na plastiki imeachana na gundi upande mmoja.

Alimpelekea Kimotho, fundi wa simu na redio pale sokoni Kapkatet. Wazazi wa Kimotho walihamia kule kutoka Murang'a zamani, na yeye, aliyezaliwa hapo, anaongea Kipsigis ya kuwashinda watoto wengi wa wenyeji. Alipoona ule uvimbe, hakuongea lugha yoyote. Aliishika redio kwa vidole viwili, akatoka nayo nje, akaiweka ndani ya karai la mchanga, kisha akarudi akijipangusa mikono.

"Mzee, ulifanya nini hii kitu?"

"Niliianika," Gibson akasema.

Kimotho alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika meza. Halafu akaomba msamaha, akaeleza kwamba mama yake mzazi alianika simu yake mwaka uliopita, tena kwenye kamba ya nguo akiwa ameibana kwa vibanio. Hizi za siku hizi, akasema, jua ni sumu kwao. Zikivimba hivyo zinaweza hata kushika moto.

Gibson akauliza kama inaweza kuwekewa betri nyingine. Kimotho akavuta stuli akamketisha, jambo ambalo mafundi hulifanya wakiwa na habari mbaya.

"Betri peke yake si bei, mzee. Lakini saizi hii lazima itoke Nairobi. Na hii mgongo imeshikwa na glu, nikiifungua inavunjika, kwa hivyo naagiza na cover. Ukiweka usafiri, na ukiweka kazi yangu, umefika bei ya redio mpya. Mimi ningekula hiyo pesa tu, lakini wewe ni kama baba yangu. Nunua mpya."

Jambo hilo lilimkera Gibson kuliko alivyotarajia. Jembe likivunjika mpini, unachonga mpini. Baiskeli ikitoboka, unaziba. Sasa hiki kitu, chenye spika nzima na tochi nzima na msumari wake kibandani, kitupwe kwa sababu ya kipande cha ndani kisicholingana hata na biskuti? Kimotho, ambaye alimwelewa bila maneno, akachukua redio mpya ya aina ile ile kutoka kwenye kabati la kioo, akamwazima aende akaijaribu kwanza.

Jioni hiyo redio mpya ilitundikwa kwenye msumari ule ule, stesheni ile ile, matangazo yale yale ya vifo. Sauti ilitoka safi kama maji ya chemchemi. Chepseon alisikiliza. Alisikiliza mpaka tangazo la mwisho akiwa amebana miguu, na alipomaliza kusikiliza akapiga ndoo teke. Ilikuwa wazi kwamba mtu huyu asiye na mafua hamjui.

Asubuhi Rodah akaleta simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe yenye redio, lakini kibanda kiko bondeni na simu hiyo haikushika stesheni yoyote. Akaamua kuimba. Rodah ni sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama, na watu hutoka makanisa mengine kuja kumsikia. Alimwimbia Chepseon nyimbo za Krismasi, za Pasaka na moja ya kuwaaga wamisionari. Alichopata ni vikombe viwili vya maziwa na mkia wa uso. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa, na Rodah akasema kwamba kikikaa hivyo kitavimba, kitaingia ugonjwa, na kwaheri mursik, na wageni wa Ndanai watapewa soda kama watu waliokuja kusoma mita ya stima. Alisema hivyo akicheka, kisha akaacha kucheka.

Gibson akarudi kwa Kimotho mbio. Akamrudishia redio mpya, akamwambia aagize betri, hata iwe bei gani. Pesa zilikuwa zile za viatu vyake vipya vya koito. Kimotho hakuelewa, akaeleweshwa kwa maneno machache kwamba ng'ombe anaitaka ile ile ya mafua, akainua mikono juu akapiga simu Nairobi. Betri ingefika, akasema, Jumatatu baada ya koito. Kabla ya hapo hata yeye hana uchawi.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata Gibson alikaa kwenye kigoda chake bila redio, bila Rodah, paji la uso limeegemea ubavu wa Chepseon. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya michai. Alimkanda kiwele, akamsihi kwa vidole, hakuna kitu. Na hapo, bila hata kupanga, mdomo wake ukafunguka. Alikuwa ameyasikia matangazo hayo kila siku kwa miaka, alijua yanavyoanza na yanavyoisha. Shida ilikuwa jina. Kutangaza kifo cha mtu aliye hai ni kumwapiza, na hakuna mtu wa kule mwenye akili zake atakayelifanya hilo, hata kwa ng'ombe, hata kwa adui. Ilibidi awe mtu aliyekufa kweli. Na tangazo moja Gibson alilijua neno kwa neno.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu Johana Maritim," alisema, kwa ile sauti yake ya koleo.

Sikio la Chepseon likageuka nyuma.

Gibson akaendelea. Akataja mjane, akataja watoto, akataja ndugu yake Gibson wa Kapkatet, ambaye ni yeye. Alipofika mahali pa mazishi, Chepseon akahema, akalegeza miguu, na maziwa yakaanza kugonga ndoo kwa sauti ambayo Gibson hakuwahi kuisikia ikiwa tamu hivyo. Tangazo likaisha na kiwele bado kimejaa. Hangeweza kunyamaza. Akaanza kuongeza mambo ambayo redio haikuyasema: kwamba Johana alikuwa akila asali ya wageni kwa siri, kwamba aliogopa bata, kwamba siku ya kumposa Rodah alijisahau akaanza kujisifu yeye mwenyewe mpaka ikabidi akanyagwe mguu. Machozi yalimtoka Gibson, na kicheko pia, vikichanganyika kidevuni. Ndoo ikajaa povu mpaka ukingoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumzungumzia kaka yake tangu amzike, na moyo wake ulijisikia mwepesi.

Jioni akamtangaza baba yake. Kesho yake akatangaza babu, kisha shangazi wawili, kisha yule mjomba aliyekufa vitani nchi za mbali. Marehemu wakaanza kumwishia, kwa kuwa hakuwa tayari kukopa wa majirani, akahamia matangazo mengine. Akatangaza harambee. Akatangaza ndama aliyepotea. Akatangaza bei ya majani na maoni yake kuhusu bei hiyo, maoni ambayo wakubwa wa kiwanda wana bahati hawakuyasikia. Chepseon hakuwa mchaguzi tena. Alichotaka ni ule mkwaruzo, na mkwaruzo ulikuwepo kwa wingi.

Rodah, akiwa jikoni, mara ya kwanza alidhani kuna mgeni. Alichungulia kupitia mwanya wa mbao, akamwona mume wake akihutubia tumbo la ng'ombe huku mkono mmoja ukipunga hewani. Alirudi jikoni kimya kimya. Akachemsha maziwa, akayapoza, akayamimina ndani ya vibuyu vyake akijiimbia, na hakumwambia mtu yeyote, isipokuwa Sellah wa boma la chini, na Sellah anajulikana.

Winny alifika Alhamisi. Ijumaa asubuhi alitoka kwenda kumsalimia ng'ombe, akasikia sauti kibandani, akasimama nyuma ya ukuta. Baba yake alikuwa akitangaza habari za Winny. Alimwambia Chepseon jinsi mtoto huyo alivyozaliwa siku ya mvua ya mawe iliyoharibu michai yote, na jinsi yeye Gibson, aliyepaswa kulia shambani, alivyokuwa akicheka njiani peke yake mpaka watu wakadhani hasara imempanda kichwani. Alimweleza alivyompeleka shule mgongoni mto ulipofurika. Alimweleza kwamba kijana wa Ndanai ni mzuri, amemchunguza, anajua hata kufunga ng'ombe kamba, lakini nyumba itabaki kubwa. Winny hakuingia. Alikwenda jikoni akajifuta uso kwa leso ya mama yake, na mama yake akamwachia leso.

Wakati wa chai alimsogelea baba yake, akamjazia kikombe.

"Baba," akasema, "Chepseon ameambiwa mambo yangu yote. Wageni watayasikia kutoka kwa Philemon?"

Gibson alicheka kidogo, akapuliza chai yake, akaitazama. Ng'ombe hacheki, hilo ndilo alilokuwa akiwaza. Ng'ombe hajawahi kumcheka mtu.

Jumamosi watu wa Ndanai walifika wakiwa wamevaa vizuri, akina mama na vitenge vyao, wazee na fimbo zao. Gibson aliwapokea akiwa na viatu vya zamani vilivyopakwa rangi mpaka vikadanganya. Mchungaji akaomba. Mursik ikamiminwa, na mjomba wa Kiptum, mzee mrefu aliyekuwa msemaji wao, akanywa, akafunga macho, akanyoosha tena kikombe bila aibu. Rodah aliona jambo hilo kutoka mlangoni, na kama angeanguka akafa wakati huo angekufa ameshiba furaha. Ukoo ukaulizwa, ukaelezwa, ikaonekana hakuna undugu wa kuzuia. Kisha mjomba akasimama, akasema walikuwa wakipita wakaona boma lina mwangaza, wakaingia kuulizia. Akauliza kama mwenye boma ana neno.

Philemon akakohoa kidogo. Akafunga kifungo cha koti. Alipokuwa anaanza kuinuka, mkono wa Gibson ukatua juu ya goti lake.

"Kaa, ndugu yangu," Gibson akasema, na akasimama mwenyewe.

Chumba kizima kiligeuka. Watu wa Kapkatet walitazamana. Gibson alifungua mdomo, neno la kwanza likakwaruza hasa, akasikia kicheko chembamba cha msichana mmoja miongoni mwa wageni, kilekile cha darasa la tatu. Macho yake yakamtafuta Winny, aliyekaa na wenzake pembeni, na Winny alikuwa ameinama mbele, sikio limemgeukia, kama mtu aliyengojea redio iwashwe. Gibson akapiga moyo konde, na ulimi ukashika njia uliyoizoea.

"Familia ya marehemu Johana Maritim," alisema, "inasikitika kutangaza..."

Nyumba ikaganda. Mchungaji akainua kichwa. Rodah akashika kizingiti cha mlango. Gibson mwenyewe alisikia alichokisema, akajua hakirudi, akakisukuma mbele.

"...inasikitika kutangaza kwamba msichana wetu Winny anataka kutuacha. Na inafurahi kutangaza kwamba tumewaona watu wanaomchukua, na tumewapenda."

Kicheko kilicholipuka kilitikisa mabati, na hakikuwa cha darasa la tatu. Yule mjomba mrefu alijipigapiga paja. Gibson akaendelea. Aliwasimulia mvua ya mawe, aliwasimulia mto uliofurika, aliwasimulia habari za Johana, ambaye ndiye angesimama mahali pale, na ambaye kwa vyovyote alikuwa akimsahihisha kutoka huko aliko. Wazee walifuta macho. Msichana aliyecheka alikuwa amefunika uso kwa viganja, akilia bila kujificha. Philemon aliketi na koti lake lililofungwa, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakuwa na la kuongeza.

Gibson alipotua kupumua, mlio mrefu ukatoka bondeni. Saa ya kukama ya jioni ilikuwa imefika, na upepo ulikuwa ukielekea kibandani. Rodah alikimbia akiwa na gauni lake la sherehe, akarudi akiwa amejishika kiuno kwa kucheka. Chepseon alikuwa amesimama peke yake, masikio yameelekea nyumba kubwa, na maziwa yanadondoka yenyewe chini.

"Maliza haraka, Baba Winny," Rodah alisema mbele ya wageni wote. "Unanimwagia maziwa."

Jumatatu Kimotho alileta redio mwenyewe kwa pikipiki, maana habari za koito zilikuwa zimefika mpaka sokoni na alitaka kuzisikia kwa aliyesema. Betri mpya, mgongo mpya, na ule mkwaruzo hakuugusa, kama alivyoagizwa. Gharama ilikuwa vilevile alivyoonya, redio nzima ndani ya redio. Gibson alimlipa bila kuomba apunguziwe hata kidogo, akaitundika kwenye msumari wake. Matangazo ya vifo yakaanza, kwa mafua yaleyale ya siku zote.

Chepseon alisikiliza kidogo. Kisha akainua mkia, akabana miguu, akageuza shingo kumtazama Gibson.

Kimotho alishika kichwa, akasema kwamba betri hairudishwi. Gibson akacheka mpaka kigoda kikayumba. Alinyoosha mkono akaizima redio, akamwambia Kimotho aipeleke jikoni kwa Rodah, akasogeza ndoo, akaegemeza paji la uso mahali pake.

"Haya, Chepseon," akasema. "Philemon amekasirika. Ngoja nikuelezee."